Icyansi cha Épiphanie na Ndege ya Lusaka

Asubuhi ya mwisho ilikuwa ya Jumamosi, na haikuwa na alama yoyote. Épiphanie alikunywa uji amesimama, kama kawaida yake, akajifunga kitambaa kichwani, akachukua ufunguo wa ofisi ya tiketi. Mumewe, mzee Gatete, alikuwa kibarazani anasugua magoti kwa mafuta. Mke akamwambia neno kuhusu chombo kilichokuwa dirishani. Mzee akaitika "ee" bila kugeuza shingo. Mke akashika njia.

Haijafika saa sita, simu ikalia. Alikuwa Jolly, mwenye ofisi. Mama ameanguka mbele ya ramani, alisema, kitambaa cha vumbi kingali mkononi. Hospitali wakasema ni presha. Basi.

Épiphanie alikuwa mtu wa Rubona, mtoto wa wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwani. Gatete alizaliwa Karagwe, Tanzania, ukimbizini, kwa watu wa ng'ombe. Waliporudi Rwanda akasema anaoa kwa wavuvi, mama yake alicheka kicheko kibaya: "Huyo atatutilia samaki ndani ya maziwa." Miaka mingi mkwe hakuruhusiwa kugusa icyansi, kile chombo cha mti cha maziwa chenye kifuniko kirefu cha kusuka. Lakini bibi kizee alipougua, asiweze tena kuinuka kitandani, aliyemwosha na kumgeuza ni mtoto wa wavuvi. Mwisho akamkabidhi icyansi pamoja na sheria zake. Kioshwe, kifukizwe kwa nyasi, kianikwe. Kisilazwe ubavu kamwe. Chombo cha maziwa, alisema, hulazwa siku mwenye ng'ombe amekufa.

Ng'ombe wenyewe hawakuwapo. Gatete hakuwa na hata mbuzi.

Kazi ya kufagia kwa Jolly Épiphanie aliipata mwaka ule ule shirika la ndege la Intashya lilipoanza. Intashya ni mbayuwayu. Walimchora mkiani mwa ndege zao, na tiketi zao zilikuwa za bei nafuu kuliko zote. Épiphanie hakusoma, lakini habari za Intashya alizijua kuliko Jolly. Kila asubuhi aliifuta ramani ya ukutani, akifuata kila njia nyekundu kwa kidole, na jioni humsimulia mzee. Shirika lilianza na ndege moja ya pangaboi, iliyokuwa ikitua kwenye uwanja mdogo wa hapa Gisenyi. Épiphanie akaipa jina la ng'ombe: Gaju. Ya pili ilikwenda Entebbe na Mwanza; hiyo ikawa Bihogo. Ya tatu ilikuwa kubwa, ya kukodi, ya kwenda Lusaka. Akaiita Sine.

"Gaju iko nakohoa leo," husema Épiphanie, kwa sauti ya wavuvi wanaoitana ziwani.

"Mtoto wa sambaza, umeanza kuchunga mbinguni?"

"Nyamaza, mutu wa ngombe! Yako iko wapi? Mi niko na tatu."

Gaju ikazeeka, ikauzwa, na uwanja wetu ukanyamaza. Zikabaki mbili.

Ndipo Denyse akazaa. Ni binti yao wa pekee, yuko Lusaka na mumewe, wana duka. Kwetu binti akizaa, mama huenda kumhemba: humpelekea maziwa, amnyweshe kwa mkono wake, ampakate mtoto. Kwa basi ni siku tatu, na miguu ya Épiphanie ilivimba hata kwa safari ya Kigali. Ilibaki Sine. Jolly akamkatia tiketi ya chini kabisa, ile isiyobadilishwa jina, ya mzigo mmoja wa mkononi. Maziwa yatanunuliwa huko huko, alisema Épiphanie, ila chombo kitoke nyumbani. Nguo zake akazivaa zote, kitenge juu ya kitenge, ili mkono ubebe icyansi peke yake.

Gatete alimsindikiza hadi uwanjani Kigali. Mbele ya kaunta kulikuwa na kizimba cha chuma cha kupimia mizigo ya mkononi. Mzigo ukiingia humo, unapanda na mwenyewe. Icyansi kilisimama kizimbani, kichwa kikabaki nje.

"Kilaze tu, mama," alisema binti wa sare. "Kikilala kinaingia."

"Hakilalake."

"Basi kiende chini na masanduku."

"Kule kitakaa namna gani?"

"Kitalala."

Foleni ikaguna. Mtu wa nyuma akasema, "Mama, ni chungu tu hicho, tupishe!" Gatete akaona aibu. Akamwambia amwachie chombo, aende hivyo hivyo.

"Mikono mitupu? Nitamunywesha na kiganja?"

Basi Gatete, aliyezaliwa ndani ya sheria ile, akainama na kumnong'oneza: "Kilaze, Mama Denyse. Nani atajua?"

Épiphanie akamwangalia. Akakitoa kizimbani, akakipakata, akakaa kwenye benchi na vitenge vyake vinne, jasho linamtiririka, mpaka Sine ikaruka.

"Imeenda," alisema.

Jolly akafanikiwa kumsogezea tarehe. Lakini kabla ya tarehe hiyo mwenye Sine aliichukua ndege yake, na njia ya Lusaka ikafutwa. Jolly akabandika karatasi nyeupe juu ya mstari ule kwenye ramani. Kesho yake karatasi iko chini. Akabandika tena, ikaanguka tena.

"Mama, gundi hii ina ugonjwa gani?"

"Bon, gundi ya siku hizi haiko na nguvu."

Kucha za Épiphanie zilikuwa na vumbi jeupe la karatasi. Alikwangua hivyo mwaka mzima, hadi Jumamosi ile.

Sasa ni mwezi wa nne tangu afariki. Mzee Gatete alikwenda kwa Jolly kuuliza kama yeye anaweza kusafiri kwa tiketi ile.

"Iko kwa jina lake, mzee. Jina halibadilishwi."

"Na njia?"

"Bihogo peke yake imebaki. Mwanza na Entebbe." Hata Jolly siku hizi anaziita hivyo.

Denyse hupiga simu. "Baba, panda basi. Mtoto anatembea sasa." Mara mbili mzee amefika kituoni, ameliangalia basi la Kigali, magoti yamekataa, amerudi. Mbele yake ni ziwa. Kulia ni mpaka. Nyuma ni milima. Nyumbani ni viti viwili.

Icyansi alikuwa amekifungia kabatini tangu siku ya matanga. Hakutaka kukiona. Kabati ni fupi, chombo hakikusimama, naye akakilaza ubavu. Alijiambia ni sawa: mwenye ng'ombe amekufa.

Jumamosi iliyopita alishtuliwa na harufu ya uvundo. Akafungua kabati. Ndani ya icyansi kulikuwa kumeota ukungu, na ubavu wa chini ulikuwa umeanza kupata ufa mwembamba kama unywele. Akakaa chini sakafuni nacho. Akakumbuka "ee" yake ya kibarazani, kwamba aliitika kitu, na kitu gani. Kwa mara ya kwanza akayasikia maneno yote.

Aliinuka kwa kushika ukuta. Akakiosha kwa maji ya moto, akatafuta nyasi, akakifukiza, kazi ambayo hakuwahi kuifanya. Kisha akakisimamisha dirishani bila kifuniko, jua likaingia mpaka chini. Hakujua nani atakipeleka, wala kwa njia gani. Lakini kilisimama, kama alivyoagizwa na mkewe asubuhi ile:

"Mzee, mi natoka. Icyansi usikifungie. Kiache kisimame kipate hewa, iko na safari."