Redio ya Mwalimu

Fundi redio wa pale mtaani walimpachika jina Fundi Kesho, na alilistahili. Mpelekee pasi, njoo kesho. Mpelekee feni, njoo kesho, tena kwa tabasamu, hadi hasira zikuishe. Lakini kwa redio ya Mwalimu alipitiliza. Aliitengeneza siku ileile ilipoletwa, maana ni waya mmoja tu uliokuwa umeachia. Mwalimu, mwanamke wa makamo anayefundisha watoto wadogo, alipokuja kuichukua, Fundi akajikuta anasema kuna kifaa bado anakitafuta.

Miezi ikakatika. Akitoka shule Mwalimu hupitia kibandani, huvuta stuli, wakapiga soga za bei ya vitu na utundu wa watoto. Akiinuka tu, Fundi, mtu mzima na mvi zake, huanza kumkumbuka kabla hajafika hata kwenye kona. Maneno ya kumwambia alikuwa nayo. Yalimfika kooni, akayameza, akasema, "Njoo kesho, Mwalimu." Mwoga yule, Mungu amsamehe.

Jana Mwalimu alikuja na hakuketi. Nje palikuwa na gari lililojaa mizigo, na mwanamume amesimama kando yake.

"Nimekuja kukuaga, Fundi. Nimeolewa, tunahamia kwake leo. Nipe redio yangu hivyohivyo, hata kama ni mbovu."

Fundi akaiwasha. Ikaimba vizuri.

"Imepona asubuhi hii," alisema.

"Jamani, Fundi. Nilikuwa naisikia tangu kule kwenye kona, nikikaribia unaizima." Hakuwa na hasira. "Nilikusubiri uniambie. Nilisubiri sana."

Fundi akafungua mdomo aseme yote, akaona pete kidoleni mwa Mwalimu, akaufunga.

"Hongera, Mwalimu," alisema mwishowe, na sauti ikamtii.

Akaibeba redio mwenyewe hadi garini. Mume akamsalimia vizuri, mtu muungwana tu, hata wa kumchukia hakuwa.

"Bwana, hiki kitufe cha sauti kinakwama," Fundi alimwelekeza. "Usikilazimishe, kisogeze taratibu. Na asubuhi msiifungulie sana. Mwalimu huamka kichwa kikimuuma."

"Hilo sikuwa nalijua," alisema mume.

"Basi sasa unajua," Fundi alijibu, akamkabidhi redio kwa mikono miwili.