Moshi wa Kwenye Korongo

Miaka yote hii, nikienda nyumbani Masii, mama amekuwa akinificha kiberiti. Mimi, mwalimu wa chuo kikuu mwenye mvi, huomba moto kama mtoto: "Mwaitu, nataka kuchemsha chai." Huja akawasha jiko mwenyewe, kisha hukifunga kiberiti kwenye pindo la leso.

Yote yalianza na harufu ya yai viza. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori lililopeleka makaa ya mawe kiwandani Athi River. Mabaki yasiyofaa tanuri, mawe meusi na vumbi, kiwanda hakikujua pa kuyaweka. Baba alijua. Nyuma ya nyumba mvua ilikuwa imechimba korongo lililokuwa likila shamba letu, na kwetu Ukambani chochote cha kuziba korongo hupokelewa kwa shukrani. Akawa kila Jumamosi anamwaga lori zima, bila kushindilia, hadi lundo likapita choo kwa urefu. Tukampongeza.

Asubuhi moja lundo likafuka moshi wenye harufu hiyo ya yai viza. Kwa bahati mbaya nilikuwa juu yake, nikitafuta mbuzi.

"Mueni! Umechoma mahindi hapa!"

"Sijachoma, mwaitu."

"Kwa hivyo mawe yamejichoma?"

Nilikana hadi nikachoka. Mwishowe, ili nisiachwe nyumbani siku ya soko, nilikubali kosa ambalo sikulifanya, tena nikasimulia jinsi mahindi yalivyokuwa matamu. Baba na majirani walifunika lundo kwa udongo mwekundu, wakaukanyaga hadi ukashikana, na moshi ukaisha. Jina langu halikusafika.

Nilipokuwa mkubwa nilisoma kwamba mabaki hayo yakirundikwa ovyo, hewa hupenya ndani, yakapata joto, yakawaka yenyewe. Nikakimbia kumweleza mama. Alisikiliza yote.

"Na mahindi?" akauliza.

Ndipo nikaelewa kwamba kilichoniponza si moto. Ni yale mahindi.

Mwezi uliopita, mvua ikiwa imeusomba ule udongo, mama alinipigia simu.

"Mueni, uko wapi?"

"Niko Nairobi, kazini."

"Hukupita huku?"

"Sijakuja tangu Krismasi. Kwani kuna nini?"

Akakohoa. "Ile takataka ya baba yako inatoa moshi. Na hakuna mtu huko. Hata mbuzi."

Nikangoja aniombe msamaha.

"Ukikuja, ukuje na watu wa kufunika," akasema. "Kiberiti utapata kwa meza."