Sharubu za Mashine Yangu

Mashine yangu ya magurudumu ilikuwa na jicho moja na sharubu mbili. Jicho nililitoa kwenye televisheni mbovu, lile dogo linalopokea amri za rimoti, nikaliwekea kitaa cha kurusha mwali usioonekana. Kitu kikiwa karibu, mwali ulirudi na mashine ikapunguza mwendo. Sharubu zilikuwa waya za breki ya baiskeli, na kazi yao ilikuwa kugusa. Zikigusa kitu kilichokubali kupinda, mashine iliendelea. Zikigusa kilichokataa, ilisimama na kengele ikalia.

Nilikuwa fundi redio hapa Kalemie, na vita vilikuwa vimetufungia mashamba. Askari waliokaa ng'ambo ya mto Lukuga walipoondoka waliacha mabomu yenye nyuzi zilizokatiza vijia. Muhogo wetu ulikuwa huko, na nyumbani tulikuwa tunalalia chai tupu. Mama alisema ataenda kuchimba, nitake nisitake. Nilimwogopea. Ndipo nikaunda ile mashine, na nilipoiona inasimama kwenye uzi wa kuvulia niliofunga uani, nilijiona mhandisi. Kiburi si maungwana, lakini mimi nilikuwa nacho tele.

"Haka kamashini kanajua bomu?" Mama aliniuliza.

"Kanajua uzi, Mama. Majani iko laini, kanapita tu. Uzi iko inakaza, kanasimama."

"Basi twende pole pole. Mwenda pole hajikwai."

Tuliondoka asubuhi, kabla jua halijalipofusha lile jicho. Mashine ilitangulia, imefungwa kamba. Nilitaka kuishika kamba mimi, Mama akakataa; alisema aliyezaa ndiye anatangulia. Tulibishana, nikashindwa. Kila penye majani marefu mashine ilisita, ikapapasa, ikapita, na Mama akacheka. Mimi sikucheka. Kijia hakikuwa na alama ya mguu wa mtu wala kinyesi cha mbuzi.

Kisha nikaona, mbele ya viatu vyangu, majani ya pande mbili za njia yamefungwa pamoja fundo moja, na magurudumu yameyalaza. Fundo la namna hiyo kila mkulima wa huku analijua: aliyelifunga ameona hatari, amekufungia njia. Mama angelikuta limesimama asingelivuka hata kwa ugomvi. Lakini alikuwa anaitazama mashine, na mashine ilikuwa imelipapasa, ikalikuta laini, ikalikanyaga. Nilivyoifundisha ndivyo ilivyofanya.

"Mama, simama!"

Alisimama hatua kama kumi mbele yangu. Nikamwambia habari ya fundo. Hakugeuka.

"Nirudi ao niende?"

Bomu lililofukiwa halina uzi, na mashine yangu haikuwa na kitu cha kujua kilicho chini ya udongo. Ilikuwa imetulia mbele yake, kengele kimya. Nilimwambia sijui, achague mwenyewe.

Alichagua kurudi. Hatua ya tatu, iliyokosa nyayo zake za kuendea, ndiyo iliyomkata mguu.

Yuko hai. Wageni wakimuuliza, huwaambia kosa lilikuwa lake, alichagua vibaya, na kwamba mwanawe alimtengenezea mashine nzuri. Mimi huwa nimekaa papo hapo karibu naye, na sijawahi kumkatiza.