Mashine ya Kathambi Iliyookoka

Kathambi wa Mikinduri alikuwa na sauti aliyofundishwa na mashine ya posho. Miaka kumi na mitano alizungumza na wateja juu ya ngurumo ya injini, mpaka akawa akinong'ona msibani ng'ombe wa bonde la pili wanainua vichwa. Watu walimwita Mama Mashine.

Mumewe ndiye aliyeinunua ile injini, kwa miraa ya misimu mitatu. Akaifunga kwenye kibanda kilichotazamana na soko la miraa, akasifiwa na kila mtu, kisha akafa kabla hajala ugali wa kwanza wa mashine yake. Kathambi akabaki na mabinti watatu, wa mwisho akiitwa Mukiri, na chuma cha kuwashia injini. Akawasomesha wote kwa unga. Unga ulimkolea mwilini hivi kwamba siku moja alipiga chafya mlangoni, na jirani akakinga kibuyu akapata uji wa watu wawili. Asiyeamini akamuulize jirani. Kibuyu anacho mpaka leo.

Basi mwaka uliofuata ule wa njaa na mahindi ya manjano ya msaada, Kathambi akaokoka. Kanisa lenyewe lilikuwa dogo, mabati kumi na mawili tu, lakini dhambi lilizozijua zilitosha makanisa manne. Miraa ilikuwa ya kwanza. Kathambi akaenda nyumbani, akatafakari siku mbili, siku ya tatu akamleta mchoraji wa mabango, akamwandikisha kwenye ukuta wa kibanda, upande ule ule wa soko, kwa rangi nyekundu na herufi kubwa kama mbuzi:

MLA MIRAA HATAIONA MBINGU.

Mikinduri hapo! Mahali ambapo miraa hupeleka watoto shule na hutangulia posa. Ni kama kwenda kwa mfugaji ukamwambia maziwa ni haramu.

Thuranira, mwenyekiti wa wauza miraa, mtu mwembamba ambaye shavu lake la kushoto halikuwahi kulala tupu, akausoma ukuta mara mbili. Kisha akavuka barabara.

"Mama Mukiri, hii mashine ilinunuliwa na nini?"

"Na miraa ya baba Mukiri."

"Basi nayo itaungua?"

"Mashine imeokoka pamoja nami."

"Na unga wa ile miaka yote? Tuutapike?"

"Ule tumeusamehe."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na hicho ndicho kilichomchoma Thuranira. Akasema, "Futa hayo maneno."

"Ukuta ni wangu, Thuranira. Wewe unatafuna kutwa nzima, nani amekuziba mdomo? Mimi nikisema neno moja kwa rangi unaona kizunguzungu?"

"Sema tu, mama. Mdomo ni wako. Lakini mahindi ni yetu, na miguu ni yetu."

Jioni ile wanaume wa soko wakakaa, wakaapa: hakuna debe lao litakalosagwa kwa Kathambi mpaka ukuta ufutwe. Watapeleka kwa mashine ya ng'ambo ya mto. Wakapeana mikono wakaenda kulala, wakiwa wameridhika sana, maana si wao waliobeba mahindi. Waliobeba ni wake zao, kamba kwenye paji la uso, gunia mgongoni, mwendo wa saa nzima kwenda na saa mbili kurudi kwa sababu ya mlima.

Kathambi akaona soko linampita. Siku ya kwanza akafagia. Siku ya pili akapaka injini mafuta. Wiki ya pili kuku wake akaingia kwenye mdomo wa mashine, akatazama huku na huku, akataga. Wiki ya tatu akaatamia. Binti yake wa mwisho, Mukiri, alikuwa amebakiza mwaka mmoja katika chuo cha ualimu, na ualimu wake ulikuwa ndani ya ile injini. Injini isiponguruma, Mukiri anarudi nyumbani.

Mteja aliyebaki alikuwa mmoja, na kwa debe lake kuku alihamishwa kisha akarudishwa: Billow, Mwislamu aliyebeba miraa kwa pikapu yake kutoka mji wa Maua kila siku.

"Wewe huogopi wenzako?" Kathambi akamuuliza.

"Mama yangu, kwa kanisa lako mimi naungua mara mbili, mara moja kwa miraa na mara moja kwa dini. Mtu akishaniambia hivyo namuuliza tu: unga uko tayari?"

Lakini debe moja la Billow halimsomeshi mtu.

Sasa, kulikuwa na dawa, na Kathambi na Thuranira waliijua wote wawili. Ukoo wa Kathambi na ukoo wa Thuranira ni gichiaro. Mababu zao walikula kiapo cha undugu, na tangu hapo mtu wa gichiaro akikuomba kitu kwa kulitaja hilo jina, hukatai. Ukikataa, utavimba, au mbuzi wako watazaa vitu visivyo mbuzi. Siku ya ukuta walikuwa na hasira, wakasahau. Usiku kila mmoja akakumbuka, akaketi kitandani wima.

Kathambi aliwaza: nikimwomba alete mahindi yake kwangu, hawezi kukataa, na mwenyekiti akileta, soko lote litaleta. Kisha akawaza: lakini yeye akinitangulia akaniomba nifute ukuta, je? Na Thuranira, kwenye mlima wa pili, aliwaza yayo hayo kinyumenyume.

Kwa hiyo wakaanza kukimbiana. Kila mmoja alitaka kumwomba mwenzake, na kila mmoja aliogopa kuombwa. Kathambi akimwona barabarani anaingia kwenye mahindi ya watu. Thuranira akiisikia sauti yake, na ilisikika mbali, anapanda mti wa miraa na kujifanya anachuma. Mwenzake wa kanisa akamuuliza Kathambi, "Dada, wewe umeokoka. Bado unaamini kiapo cha wazee?"

"Siamini hata kidogo," akasema Kathambi. Ni kweli, moyo ulikuwa umeokoka. Miguu ndiyo ilikuwa bado.

Miezi mitatu ikaisha. Unga wa ng'ambo ulikuwa na mchanga. Watu wakicheka mezani unasikia changarawe. Mzee mmoja alipoteza meno mawili kwa ugali mtupu na akaapa ni mfupa. Lakini kiapo ni kiapo.

Ndipo asubuhi moja Kathambi akawa anavuka mto kwa lile daraja la gogo moja, akirudi kutoka ng'ambo na kuku wale walioanguliwa kwenye mashine, maana hawakupata mnunuzi. Alipofika katikati akainua macho. Mbele yake Thuranira. Nyuma ya Thuranira mkewe Lenah, na gunia la mahindi mgongoni.

Thuranira akafungua mdomo. Kathambi akaona hatari, akaanza kuimba pambio kwa sauti yote, maana usichokisikia hukukikataa. Thuranira naye akaziba masikio kwa vidole. Mmoja anaimba, mwingine ameziba, kuku wanapiga kelele kapuni, na gogo linatikisika.

Lenah akatua gunia katikati ya gogo, akaliketia.

"Imba tu, mama Mukiri," akasema. "Na wewe, baba, ziba. Mimi mgongo wangu umeapa kiapo chake: hauinuki hapa mpaka mtu mmoja aombe."

Wakangoja. Jua likapanda. Pambio lina beti nne, na Kathambi akaliimba mara sita. Mwishoni pumzi ikamwishia, na wakati huohuo mikono ya Thuranira ikachoka.

"Kwa gichiaro, leta mahindi yako kwangu!"

"Kwa gichiaro, futa ule ukuta!"

Wakamgeukia Lenah: nani ametangulia?

"Mmesema pamoja kama fisi wawili," akasema Lenah. "Kila mtu atoe alichoombwa. Na hili gunia sasa ni la mwanamume."

Thuranira akalibeba mpaka kwa Kathambi. Watu wanasema siku ile ndipo alipoujua ule mlima, ingawa alizaliwa juu yake. Kufikia jioni ukuta ulikuwa mweupe kwa chokaa, foleni imefika barabarani, na injini inanguruma. Mukiri akamaliza chuo.

Jioni ile, Kathambi alipomimina debe la kwanza, alikuwa akinong'ona jambo, midomo inakwenda kasi. Thuranira akamsogelea, akapiga kelele sikioni, "Unasema nini?"

"Nasema mla miraa hataiona mbingu!"

"Nimekuomba ufute!"

"Uliomba ukuta! Mdomo hukuutaja!"

Tangu hapo akawa anamhubiria kila mteja, kila debe, kwa mnong'ono ule ule, na injini haimwachi asikike. Na Thuranira, kila alipoleta mahindi, shavu limetuna kwa miraa, alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa heshima, akijifanya anaulizwa kama unga wake uwe laini.