Siku Niliyoikunja Karatasi ya Wasifu wa Festo Baridi

Watu wa Makambako wakikutana na mimi siku hizi wanacheka kwanza pembeni, halafu ndio wananisalimia kamwene, na mimi naitikia kamwene kama sijaona kitu, maana aibu niliyoifanya Mjimwema kule Njombe siwezi kuikana, watu wameiona kwa macho. Sikuwa nimelewa. Naanza na hilo kabisa, kwa sababu ile video iliyozunguka kwenye simu imeandikwa "Mlevi avuruga mazishi ya Baridi", na mimi siku ile nilikuwa nimekunywa chai ya rangi kikombe kimoja na kiazi cha kuchemsha, basi. Afadhali ningekuwa nimelewa, ningekuwa na cha kusingizia.

Naitwa Obedi, naranda mbao pale Lyamkena, shule niliishia darasa la tano (baba alisema mtu akishajua kuhesabu mbao inatosha). Lakini kabla ya mbao nilikuwa mpiga gitaa. Huyu Festo Baridi ambaye redio zinampiga kila siku, tulianza naye sisi wawili hapa Makambako, kwenye baa za karibu na stendi, yeye anaimba na mimi napiga gitaa, tumevaa makoti makubwa ya mitumba mpaka jukwaani kwa sababu ya baridi, na jina lake la Baridi lilitokea hapo. Tulikwenda hivyo miaka kumi na moja. Halafu akaja Gasto.

Gasto ni meneja, na namtaja kwa jina kwa sababu yeye la kwangu hakuona taabu kulifuta. Alimsikia Festo mara moja tu akamwambia wewe una sauti, hawa wengine ni mzigo, akamchukua mpaka Dar es Salaam wakarekodi "Blanketi Moja". Siku ule wimbo ulipotoka nilikuwa kazini, nikausikia kwenye redio ya jirani, nikasimama na randa mkononi mpaka ukaisha. Lile gitaa la mwanzo, ambalo watu wanalipiga mluzi njiani, ni la kwangu, na maneno nusu yake ni ya kwangu, kwa hiyo nikatega sikio nisikie mtangazaji anasemaje juu ya mtunzi. Akasema Festo Baridi. Nikampigia Festo, akaniambia, "Kaka, hayo makaratasi anaandika Gasto, nitamwambia." Aliendelea kuniambia hivyo mpaka figo zikamchukua.

Simsemi vibaya marehemu. Alikuwa mtu wa kukubali kila anayeongea naye mwisho, na mimi nilikuwa mbali, kwa hiyo wa mwisho siku zote alikuwa Gasto.

Alipofariki wakamleta kuzikwa nyumbani kwao Mjimwema, na mama yake (mimi namwita mama tu, nimekula kwake tangu sijaota ndevu) akanipigia simu. "Obedi, wasifu wa mwenzako utasoma wewe. Nikodemu hawezi, akisimama tu analia." Nikodemu ni mdogo wake Festo. Sasa mnajua wasifu kwetu si jambo dogo. Mahubiri mtu anaweza kusinzia, lakini wasifu ukisomwa hata walioko jikoni wanaacha sufuria wanakuja kusikiliza, marehemu alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alipata kipaimara wapi, alifanya kazi gani na nani, ameacha nani. Ambaye hayumo kwenye wasifu ni kama hakuwahi kukutana na marehemu. Nikafua suti yangu ya harusi, ikanibana tumboni, nikaivaa hivyohivyo, nikapanda gari la asubuhi kwenda Njombe na moyo umetulia, kwa sababu nilijua leo jina langu litasikika.

Gasto akanipa karatasi mbili zimechapwa vizuri. Nikaenda nazo nyuma ya jiko, kwa akina mama waliokuwa wanamenya viazi, nikazipitia na kidole mstari kwa mstari, kwa sababu mimi kusoma najua ila sikimbii. Simo. Miaka kumi na moja yote ilikuwa imeandikwa "alianza muziki na vijana wenzake mtaani". Na kwenye "Blanketi Moja" imeandikwa aliutunga mwenyewe kwa ajili ya mke wake mpendwa Rehema.

Nikamfuata. "Gasto, mbona mimi simo?"

"Mzee Obedi," akasema, hata hakuninong'oneza, "ni kurasa mbili tu. Tukimtaja kila aliyewahi kumshikia waya, tutazika kesho."

Mama mmoja wa viazi akacheka, halafu akajifanya anakohoa.

Mama Festo akauona uso wangu. Akatoka ndani akanishika mkono, akasema polepole, "Mwanangu, soma kama ilivyoandikwa. Unajua hali yetu na kanisa."

Nilijua, na hapa ndipo ubaya wangu ulipo. Usharika wetu una utaratibu wake wa siku nyingi: aliyefunga ndoa kanisani akichukua mwanamke mwingine anatengwa na meza ya Bwana, na akifa hajarudi, mchungaji havai kanzu, kengele haipigwi, anazikwa na majirani. Festo alitengwa kwa maneno yaliyosemwa kwamba ana mwanamke Ludewa. Alipougua, mama yake akaenda kwa wazee wa kanisa akawaambia hayo yamekwisha, mwanangu hana mtu huko, wakampokea. Hayakuwa yamekwisha. Anjelina yuko Ludewa mpaka leo na watoto wawili wa Festo, na jambo hilo Njombe nzima tulilijua kwa hakika mimi na mama tu. Anjelina mwenyewe aliombwa asije kwenye mazishi, abaki na watoto wake wasionekane, ili baba yao apigiwe kengele. Akakubali. Yule mwanamke alikubali kumlilia mumewe kwa mbali, na mimi mwenye suti nikashindwa kuvumilia karatasi.

Nikasimama kwenye kipaza sauti. Mbele yangu jeneza, kulia mchungaji na kwaya, kushoto mjane Rehema na watoto wake watatu, na watu wamejaa mpaka barabarani. Karatasi ya kwanza niliisoma vizuri (mpaka nikajishangaa). Nikafika kwenye ule wimbo, alioutunga mwenyewe kwa ajili ya mke wake mpendwa, watu wakaguna kwa huruma, Rehema akajifunika uso na kitenge, na kule kwenye viti vya mbele nikamwona Gasto anaitikia kwa kichwa taratibu kama mwalimu anayeridhika na mtoto mzito. Nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni. Nilikuwa nimepanga kuongeza sentensi moja tu, kisha niitoe tena niendelee.

"Naomba niongeze kidogo," nikasema. "Huu wimbo tuliutunga wawili, mimi na yeye."

Watu wakaanza kunong'onezana. Gasto akasema palepale alipokaa, na kipaza sauti kikamdaka, "Mliutungia wapi? Lini? Mpokeeni karatasi asome mwingine."

Wakacheka. Msibani watu wanacheka kuliko mnavyofikiri, na kile kicheko kiliniingia mwilini, nikakumbuka ile randa mkononi na redio ya jirani na miaka yote ile, nikasema, "Wapi? Nitakwambia wapi. Ludewa."

Neno hilo lilipotoka nilikuwa sawa na gari lililokatika breki kwenye miteremko ya huko. Nikaeleza mvua ilivyokata barabara tukashindwa kurudi, tulivyolala kwa Anjelina, chumba kimoja, blanketi moja, na kichanga cha siku nne kinalia kwa baridi, kwa hiyo blanketi akafunikwa mtoto na mama yake, sisi wawili tukakaa kwenye moto na gitaa, Festo akawa anamwimbia mwanawe anyamaze, anaimba mstari mmoja na mimi namtafutia wa pili. "Mwanawe wa kwanza kwa Anjelina," nikasema hivyo, kwa kipaza sauti, ili waone najua mpaka mpangilio wa watoto. Hata nikagonga lile pigo la gitaa kwa vidole kwenye mti wa kipaza sauti, tak-taka-tak. Uwanja wote ukanyamaza, na mimi mjinga nikadhani wananiheshimu.

Aliyevunja kimya ni binti mkubwa wa Festo. "Mama, Anjelina ni nani?"

Rehema alikuwa ameshusha kitenge, ananitazama na macho makavu kabisa. Huo wimbo alichezeshwa nao kwenye sherehe ya kumbukumbu ya ndoa yao, mbele ya watu, miaka yote aliamini blanketi lile ni la kwake.

Mchungaji akafunga kitabu. Akamwita mama Festo na wazee wa kanisa nyuma ya turubai, na kwa kuwa nilikuwa nimebaki nimesimama pale kama mti wa simu (hakuna aliyeniambia nikae) nikasikia.

"Mama, haya ni kweli?"

Mchungaji akauliza tena.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua, mchungaji." Angeweza kukataa. Lakini jeneza la mwanawe lilikuwa pale, akashindwa. Nikachungulia, nikamwona yule mama na umri wake anapiga magoti kwenye tope, na mchungaji anamwinua kwa mikono miwili huku anatikisa kichwa.

Akarudi mbele, akavua kanzu, akaiweka mkononi. "Ndugu zangu, tutabaki na ninyi kama majirani. Poleni sana." Hakukasirika. Angenitukana ningepata nafuu. Kwaya nayo ikavua majoho.

Kwa hiyo Festo Baridi, aliyejaza viwanja, aliombewa na Nikodemu, yuleyule asiyeweza kusimama bila kulia, na alipofika kwenye "mapenzi yako yatimizwe" akashindwa, watu wakamalizia wenyewe kila mmoja na mwendo wake. Kanisa liko pale juu, unaliona ukiwa kaburini. Watu walikuwa wanageuka kulitazama, wanasubiri, labda mchungaji atalegeza. Kengele haikupigwa.

Wakati wa kutupa udongo nikajipanga kwenye foleni. Mmoja wa waliokuwa na chepe akaniwekea mkono kifuani. "Mzee, wewe wa kwako umeshatupa."

Nikatoka kwenye foleni. Kabla ya kuondoka nikaingia alikokaa mama na akina mama wenzake mkekani, nikapiga magoti mlangoni. "Mama, nisamehe. Nilitaka kutajwa tu."

"Sasa Obedi, si ungeniambia mimi," akasema. "Ningesimama mwenyewe nikasema huyu ndiye aliyepiga lile gitaa. Kulipiga gitaa kanisa halikatazi." Halafu akaniambia niwahi gari la Makambako.

Nikiwa garini Anjelina akapiga simu. Video ilishafika Ludewa kabla mimi sijafika kwangu, na aliyeituma wa kwanza ni Gasto, hilo nalijua na ataulizwa siku moja. Anjelina hakunigombeza. "Shemeji, mwanangu ananiuliza kama baba yake amekosa mchungaji kwa sababu yake yeye. Nimjibu nini?"

Nikamwambia mtandao unakatikakatika, simsikii. Nilikuwa namsikia vizuri.

Gasto ndiye aliyeniondoa kwenye wimbo, akaniondoa na kwenye wasifu, na mpaka naingia kaburini nitasema hivyo. Lakini aliyemnyima Festo kengele ni mimi, na mama yake alipiga magoti kwenye tope kwa ajili ya ulimi wangu. Rehema amewaambia redio wasimpigie tena simu kuhusu ule wimbo. Wao wanaupiga tu, na mtunzi bado ni Festo Baridi.

Misiba naenda, siwezi kuacha kuzika watu, ila natafuta shoka nakaa kwenye kuni, na wasifu ukianza kusomwa napasua kwa nguvu zaidi nisisikie. Na wangu mimi nimeshawaagiza wanangu: wasome jina, siku niliyozaliwa na siku niliyokufa, wakae chini.