Kichupa Kilichofunuliwa Dirishani

Miezi kumi na moja Kathini alikuwa amekingoja kichupa kile, na sasa Pasta Mbuvi alikuwa anakibandua karatasi ya foili mbele ya dirisha.

Katika maabara ya hospitali hii ya kanisa, hapa Kitui, kitu kipya hakianzi kazi kabla ya kuombewa. Kathini, mzaliwa wa kijiji cha Nunguni na mwimba alto kwaya ya kanisa, hakuwa na neno na maombi. Neno lilikuwa jua. Ndani ya kichupa mlikuwa na kipande kidogo cha protini kilichotiwa rangi. Kile kimeng'enya cha mwili kinachoyeyusha damu iliyoganda kikikikata, rangi huwaka na mashine ikasoma. Lakini mwanga wa mchana huiua rangi hiyo. Kichupa kilikuwa kimoja tu, na sampuli za damu thelathini na moja, nyingine za watu waliokwisha kuzikwa.

"Pastor, hiyo ikae imefunikwa tu."

"Tutaombea kitu hatuoni, Kathini? Funga macho."

Akafunga. Pasta akaanzia Mwanzo. Alipofika kwa Musa, jasho lilikuwa likimtiririka Kathini mgongoni. Akafumbua macho katikati ya maombi, kosa ambalo mama yake angemchapia hata leo, akakifunika kichupa kwa kiganja chake juu ya mkono wa pasta. Pasta akadhani ni Roho, akamkamata sawasawa, akaongeza dakika tano.

Baadaye pasta hakukubali kuondoka. Sampuli namba tisa ilikuwa ya mkewe, Kasyoki, aliyefariki Machi kwa damu kuganda mapafuni.

"Tuanze na ya mama yao," alisema.

Kathini akatega mbili: ya Kasyoki, na nyingine yenye kimeng'enya chenyewe, ya kujua kama rangi ingali hai. Dakika kumi nzima mistari yote miwili ilibaki chini kwenye kioo cha mashine. Huyu mzee ameniua, Kathini akawaza. Kisha ule wa kimeng'enya ukainuka, ukapanda moja kwa moja. Wa namba tisa haukutikisika. Damu ya Kasyoki haikuwa na nguvu ya kuyeyusha kitu.

"Yake haijapanda," pasta alisema polepole. "Ni mimi niliharibu na hiyo jua, sindio? Niambie tu."

Kathini alitamani, kwa moyo wake wote, rangi ingekuwa imekufa kweli.

"Hapana, pastor. Dawa iko sawa."

Pasta aliutazama ule mstari. Kisha akatoa ile foili mfukoni, akaanza kuinyoosha kwa kidole gumba.