Waya wa Sono Kwenye Mushale Wangu

Mpaka leo nikipita nyuma ya kanisa letu hapa Cimpunda naangalia chini, na kama wewe ulikuwepo ile siku ya sikukuu ya parokia, naomba unyamaze kidogo unisikilize mimi mwenyewe, maana ile hadithi inayozunguka sokoni imeongezwa chumvi nyingi (hapana, sikulia, ulikuwa ni moshi wa mishikaki).

Mi ni mutu wa biro, wa ofisini. Kazi yangu ni kupanga dosie za wanafunzi kwenye chuo kikuu kimoja hapa Bukavu, na kitu kizito nilichozoea kubeba ni tampo, muhuri wa kugonga karatasi. Lakini nilioa binti ya mwindaji. Bamukwe wangu, muzee Kyalondawa, alitoka Shabunda akaja kukaa kwetu wakati bega lake la kuume lilikataa kabisa kuvuta upinde, na miezi ya kwanza alikuwa anashinda mulangoni akiangalia mabati ya majirani, mpaka bibi yangu, binti yake, akaanza kulia jikoni. Basi siku moja, ili nimutoe kwenye ile huzuni, nikamuomba anifundishe kupiga mishale. Nilisema hivyo kwa upendo tu. Sikufikiri atakubali.

Akakubali siku hiyo hiyo. Akanichongea upinde, akakata matete akatengeneza mishale, tukawa tunaenda kiwanja cha nyuma ya kanisa kupiga kigogo cha mugomba, na vijana wakaanza kukusanyika kutazama (kunicheka, kusema kweli). Padiri akatuona. Akamuambia muzee kwamba siku ya sikukuu tuoneshe watu ule ufundi, na kama mambo yatakuwa mazuri, atatupa kile kiwanja kila Jumamosi muzee awafundishe vijana. Muzee akajibu kwamba bega lake limekufa, ila mukwe wake atapiga kwa niaba yake. Mukwe mwenyewe njo mimi.

Sasa shida ilikuwa mishale. Tete ni jepesi, upepo ukipanda kutoka ziwani unalisukuma pembeni, na likifika kwenye mugomba linagonga na kuanguka. Muzee akasema mishale inakosa uzito mbele, karibu na chembe, ile ncha yake. Mimi, kwa kuwa nimesoma, nikataka kupata dawa yangu: nikajaza muchanga ndani ya tete (nilipoinua upinde muchanga wote ukakimbilia mukiani, mushale ukaenda kama mulevi), kisha nikasukumia musumari, tete likapasuka. Muzee alikuwa anaangalia tu. Nilipochoka akanionesha njia yake: unachonga kijiti cha muti mugumu, unakiingiza kwenye tundu la tete upande wa mbele, unafunga juu yake uzi uliopakwa ulimbo, unaacha ukauke siku mbili, na mishale yote unaipima iwe sawa, maana kila mushale ukiwa na uzito wake, kila mushale utaanguka mahali pake. Tukatengeneza mitano. Ilikuwa inauma mugomba vizuri sana, na hapo ningepaswa kuacha mambo jinsi yalivyo.

Siku ya sikukuu nilikuwa nimesimama nyuma ya spika za sono, vyombo vya sauti vya kukodi, na mishale yangu, nikingoja mugeni aliyetumwa na komine, serikali ya mutaa, amalize hotuba. Watu walikuwa wengi mpaka juu ya ukuta. Nikaweka mushale wa kwanza juu ya kidole kuupima, nikaona kama ni mwepesi kuliko mingine. Nikaupima tena, nikaona kweli ni mwepesi. Na pale nyuma ya spika kulikuwa na waya unaning'inia, shaba safi ndani, nikajiambia ni mabaki, nikaukata kwa kisu, nikaumenya kwa meno, nikaanza kuuzungusha nyuma ya chembe. Ili usifunguke nikaomba kole kwa mushona viatu aliyekuwa ukutani, ile ya katube kadogo inayokauka haraka. Hotuba niliona kama imepungua sauti, nikafikiri mugeni amechoka.

Kumbe sono ilikuwa imekufa. Papa Bahati, mwenye sono, alikuwa kwa magoti akipapasa nyaya zake, na maman aliyeongoza komite ya sikukuu alikuwa amesimama juu yake akimuambia mbele ya watu wote kwamba ameleta vitu vibovu, na kwamba parokia haitamuita tena. Yule papa ana familia, na sono njo shamba lake. Mimi wakati huo ndiyo nagundua kwamba kidole gumba na viwili vya jirani vimeganda na ile kole, havitoki kwenye mushale.

Wakaniita. Nikatoka, upinde kushoto, mushale kuume. Mugeni akanyoosha mukono, nikamupa kiwiko. Nikasimama mbele ya mugomba, na kwa kuwa sikuweza kuuweka mushale kwenye kamba wala kuuachia, nikauinua juu nikibuni la kufanya. Maman kadhaa wakainamisha vichwa, wakafikiri naombea mushale.

Hapo hapo nikasikia Papa Bahati akisema pole pole, "Maman, haiko mbovu. Mutu aliikata." Na yule maman akamujibu kwamba aache kusingizia watu wa Mungu. Waya ulikuwa chini ya vidole vyangu, hakuna aliyeuona. Ningeweza kunyamaza. Nakiri kwamba wazo hilo lilinipita.

"Papa Bahati hana kosa," nikasema. "Njo mimi nilikata. Waya iko hapa kwenye mushale."

"Tuoneshe," maman akasema.

"Siwezi kufungua mukono."

Padiri njo wa kwanza kucheka, na baada yake ukuta wote. Muzee akaja taratibu, akaugeuza mukono wangu, akauliza nilipima na nini. Nikamujibu kidole. Akasema, "Kidole kilikuwa kinatetemeka."

Bibi yangu akaleta mawese ya vuguvugu kutoka kwa wauza mandazi, akanisugua mbele ya parokia nzima kama mutoto, mpaka mushale ukatoka na ngozi kidogo. Nikaomba radhi kwa Papa Bahati nikisikika vizuri, maana alikuwa ameshaunga waya mwingine na kunisogezea mikro ya kusemea. Yule maman naye akamuomba radhi, kwa sauti ndogo zaidi. Kisha muzee akaninyooshea mishale minne iliyobaki. Mitatu iliteleza na mawese ikaenda kwenye bustani ya maharagwe ya padiri. Wa nne uliingia kwenye mugomba, chini kabisa karibu na udongo, lakini uliingia mpaka tukautoa kwa kisu.

Padiri akatupa kiwanja. Jumamosi ya kwanza vijana walikuja kunicheka, na nusu yao wakabaki. Papa Bahati anakuja pia, na anapiga vizuri kunishinda. Mi nimejiapia kwamba nikishaandaa mushale vizuri na roho imetulia, siugusi tena siku ya watu, hata kama kidole kinaniambia nini. Naomba tu na wewe, ukisimulia haya, usisahau ule wa nne.